Baba wa Mega Man na Kreti ya Soda



Mwaka huu sisi wanne wa darasa moja tumepewa kamati ya burudani hapa seminarini. Kazi yenyewe si kubwa: kutafuta mpira mwingine unapopasuka ule wa zamani, kupanga zamu za kuangalia mechi, na mara moja kila muhula kuandaa shindano la maswali kati ya madarasa. Zawadi ya shindano ni kreti moja ya soda. Tunawaeleza haya mapema ili mjue kwamba ugomvi tutakaousimulia ulianzia kwenye kreti hiyo, lakini haukuishia hapo.

Katika shindano lililopita hatukutaka maswali yale yale ya miji mikuu na mito mirefu. Mmoja wetu akapendekeza swali moja la michezo ya video, kwa kuwa mafrateri wengi wamekua wakiicheza. Tukaliandika hivi: "Baba wa Mega Man ni nani?" Kwenye karatasi yetu ya majibu tukaandika Keiji Inafune. Mwaka wa tatu walipoulizwa, walijibu, "Akira Kitamura." Tukasema wamekosa. Swali likaenda kwa mwaka wa pili, wakanong'onezana, wakajibu Inafune, wakapata alama mbili. Kwa alama hizo mbili wakaondoka na kreti.

Frateri mmoja wa mwaka wa tatu akasimama. "Waheshimiwa kamati," alisema, "huyo Inafune mwenyewe amekwisha kukataa kuitwa hivyo." Tukamjibu kwamba uamuzi wa kamati hauna rufaa. Ukumbi ukacheka, naye akaketi. Lakini tulipokuwa tunapanga viti tulitazamana, maana hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua jibu lile lilitoka wapi. Tulikuwa tumelisikia tu, kama watu wengine wote.

Kwa wasomaji wa parokiani ambao hawakupitia utoto wa namna hiyo, tueleze kidogo. Mega Man ni mchezo wa Kijapani, na huko kwao unaitwa Rockman. Ulitengenezwa kwa ajili ya mashine ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Sisi hatukuiona mashine yenyewe. Tuliona nakala zake za bei nafuu, zile zinazochomekwa kwenye televisheni, na kaseti moja yenye michezo mingi ndani yake. Nyumba moja ikiwa nayo, watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni, na pedi ilipita kutoka mkono hadi mkono kwa zamu: ukifa, unampa mwenzako.

Ndani ya mchezo kuna roboti mdogo wa bluu, mwenye umbo la mtoto, ambaye mkono wake mmoja hugeuka bunduki. Mwanasayansi mwema, Dr. Light, anamtuma akawazuie roboti wengine waliogeuzwa kuwa waovu na mwanasayansi wa pili, Dr. Wily. Mchezaji huchagua mwenyewe aanze na adui yupi. Akimshinda, anachukua silaha yake, na kila silaha ina adui fulani inayemweza kuliko wengine. Basi kazi ni kugundua mpangilio. Tulikuwa tunagundua kwa kufa mara nyingi, maana mchezo ule hauna huruma.

Usiku ule tuliomba ruhusa ya kutumia kompyuta za maktaba. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Mchezo wa kwanza ulitoka Japani Desemba 1987. Ulitengenezwa na kikundi kidogo ndani ya kampuni ya Capcom, mjini Osaka. Aliyekuwa na wazo na kuongoza ubunifu alikuwa Akira Kitamura. Ndiye aliyelitengeneza umbo la kwanza la yule roboti, tena kwa vitone vidogo vya rangi vinavyoonekana kwenye kioo, maana mashine za wakati ule hazikuweza kuonyesha zaidi ya hapo. Inafune alikuwa kijana wa miaka 22, aliyeajiriwa mwaka uleule kama mchoraji. Alipewa umbo lile la vitone, akalichora vizuri, likapata uso, macho na mwili ambao watu waliukuta kwenye picha za mchezo. Alibuni pia maadui, akiwamo Elec Man, roboti wa umeme.

Mchezo wa kwanza haukuuzwa sana. Kikundi kikaruhusiwa kutengeneza wa pili kwa sharti kwamba kazi nyingine za kampuni zisisimame. Wakaufanya kwa muda wao, usiku na mchana, ukatoka Desemba 1988. Huo ndio uliobeba jina: uliuza zaidi ya nakala milioni moja na nusu, na mpaka leo wapo wanaosema hakuna Mega Man iliyoupita. Baada ya hapo Kitamura akaondoka Capcom. Inafune akabaki. Alibaki zaidi ya miaka ishirini, mpaka 2010. Alipanda kutoka mchoraji hadi kiongozi wa miradi mikubwa. Kila mwandishi wa habari aliyetaka kujua habari za Mega Man alimkuta yeye. Kidogo kidogo akaitwa baba.

Na yule frateri alisema kweli. Kwenye maonyesho ya michezo ya Tokyo ya mwaka 2007, Inafune alieleza mbele ya watu kwamba anaitwa baba wa Mega Man mara nyingi, ilhali alipoingia kazini umbo la roboti lilikuwa limekwisha kupatikana kwa mkubwa wake. Akasema yeye alifanya nusu tu ya kazi ya kumuumba. Alisema hivyo akiwa bado ndani ya kampuni, akiwa katika kilele cha sifa zake, wala hakuna aliyemlazimisha. Sisi tulikuwa tumempa cheo ambacho mwenyewe alikwisha kukirudisha.

Tungeweza kuishia hapo, tukawaomba radhi mwaka wa tatu. Lakini tulijiuliza: imekuwaje dunia nzima ikose jambo lililo wazi hivyo? Jibu moja liko mwishoni mwa mchezo wenyewe. Ukimaliza, kioo kinaonyesha majina ya waliofanya kazi, ila si majina yao. Kitamura ameandikwa herufi mbili tu, "A.K". Inafune ni "Inafking". Manami Matsumae, mwanamke aliyetunga muziki wa mchezo wa kwanza, ameandikwa "Chanchacorin Manami". Takashi Tateishi, ambaye nyimbo zake za mchezo wa pili tunaweza kuzipiga mluzi hata sasa tukifua nguo, yuko chini ya jina la utani vilevile. Kampuni nyingi za Japani zilifanya hivyo miaka ile, zikihofia kwamba washindani wakiyajua majina ya mafundi wao watawanyang'anya.

Marekani nako hali haikuwa bora. Kampuni ya Atari haikuandika kabisa majina ya watengenezaji wa michezo yake. Mmoja wao, Warren Robinett, alipotengeneza mchezo wa Adventure alificha ndani yake chumba cha siri chenye maneno ya kueleza kwamba yeye ndiye aliyeutengeneza. Hakumwambia mtu. Aliacha kazi, mchezo ukauzwa, na kampuni ikaja kujua kwa barua ya kijana mmoja aliyekigundua chumba hicho akicheza. Mafundi wengine wanne wa Atari waliondoka, na mwaka 1979 wakashiriki kuanzisha kampuni yao, Activision, ambayo iliyaandika majina ya watengenezaji wazi. Kumbe kiu ya mtu kutajwa kwa kazi ya mikono yake ni kubwa kiasi hicho.

Jambo lililotushangaza zaidi linahusu watoto. Kuanzia mchezo wa pili, Capcom iliwaalika wachezaji wa Japani watume michoro ya maadui wapya. Kwa mchezo ule wa pili ilifika zaidi ya 8,000, na wanane walichaguliwa. Mwishoni mwa mchezo kila adui anatokea na jina la aliyembuni, jina lake halisi, kwa ukamilifu. Hebu fikirini: mtoto aliyetuma mchoro mmoja kwa posta anaandikwa jina lake lote, na mtu aliyeuwaza mchezo mzima anaandikwa herufi mbili. Katika mashindano yaliyofuata, mvulana aitwaye Yusuke Murata alishinda mara mbili: alibuni Dust Man wa mchezo wa nne na Crystal Man wa mchezo wa tano. Leo ni mchoraji mashuhuri wa vitabu vya katuni. Kitabu chake kinachojulikana zaidi, One-Punch Man, kinatokana na hadithi ya mwandishi anayejiita ONE, na jalada lake lina majina yote mawili, la mwenye hadithi na la mchoraji. Tulipenda kudhani kwamba alijifunza jambo hilo utotoni, ila hilo ni letu sisi, hatuna ushahidi.

Basi kamati ikagawanyika. Wawili walisema mwenye sifa ni aliyeanzisha. Bila umbo lile la vitone, walisema, Inafune angechora nini? Wawili wakajibu kwamba kuanzisha ni rahisi kuliko kudumisha. Michezo mingapi ilitoka mwaka 1987 na leo haina anayeikumbuka? Inafune alikuwapo mwaka 1993 mfululizo ulipohamia mashine mpya kwa Mega Man X, na ndiye aliyembuni Zero, yule roboti mwekundu mwenye nywele ndefu ambaye watoto wengi walimpenda kuliko Mega Man mwenyewe. Mlezi wa miaka ishirini si baba?

Wale wawili wa kwanza wakaleta hoja iliyotuchanganya wote. Mwaka 2018 ulitoka Mega Man 11. Kitamura alikuwa ameondoka miaka thelathini iliyopita, Inafune miaka minane. Mchezo ulitoka tu, ukatengenezwa na watu wengine, na ukapendwa. Baba ni yupi hapo? Mmoja wetu akakumbusha hata hadithi ya mchezo wenyewe. Dr. Wily, yule mwovu, hakuanza kama adui. Kadiri mfululizo unavyosimulia, alikuwa mwanasayansi mwenzake Light, na wivu ulimwingia kwa kuishi kwenye kivuli cha sifa za mwenzake. Vita vyote vile tulivyopigana sebuleni kwa watu vilianza kwa sababu watu wawili walifanya kazi, mmoja akatajwa.

Hapo ndipo tuliponyamaza, maana kila mmoja wetu alikuwa amefikia jambo lile lile na hakuna aliyetaka kulitamka.

Baadhi yenu mmeuona mchezo wetu wa kuigiza wa ndugu wawili wanaogombania shamba la baba yao. Tumeuonyesha hapa kwenye sikukuu ya msimamizi wa seminari, na kwenye parokia kadhaa za jirani. Watu wamelia, watu wametupa mikono. Kwenye karatasi ya ratiba tumeandika kila mara kwamba mchezo umetungwa na darasa letu.

Hatukuutunga sisi. Aliyeutunga alikuwa mwenzetu aliyekaa nasi mwaka mmoja na nusu, kisha akaondoka seminarini. Aliuandika kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu, onyesho kwa onyesho, na alipoondoka alituachia. Sisi tulifanya mengi baadaye: tulipunguza maneno, tukaongeza nyimbo, tukahamisha kifo cha mzee kutoka mwanzoni kwenda mwishoni. Jina lake lilianguka namna gani hatuwezi kusema. Hakuna aliyelifuta. Mara ya kwanza pengine tuliona haya kuandika jina la mtu aliyeondoka. Mara ya pili tulinakili karatasi ya mara ya kwanza. Mara ya tatu tulikuwa tumekwisha kuamini.

Tulimpigia simu Jumapili baada ya chakula cha mchana, tumekizunguka kipaza sauti cha simu. Siku hizi anatengeneza simu mjini.

"Kaka, tunataka kukuuliza kuhusu ule mchezo."

"Upi?"

"Wa shamba."

Akanyamaza kidogo. "Bado mnaucheza?"

"Bado."

"Na mzee bado anakufa mwanzoni?"

"Tulibadilisha. Siku hizi anakufa mwishoni."

Akacheka. "Ndiyo maana watu wanalia. Mimi hilo sikuliona."

Tukamwambia kwamba jina lake halipo kwenye karatasi. Akajibu, "Najua. Dada yangu aliuona parokiani kwake mwaka juzi, akanitumia picha ya hiyo karatasi." Mwaka juzi. Tukamuuliza kwa nini hakutupigia. Akasema, "Niliona nikidai jina nitaonekana sijakubali kuondoka."

Hatukuwa na la kusema. Mmoja wetu aliomba msamaha kwa niaba ya wote, na yeye akapokea vizuri, kwa utani, kama alivyokuwa zamani. Akasema sisi tuliobaki tumeufanya mchezo kuwa mzuri kuliko alivyouacha, na kwamba hilo nalo liandikwe. Kisha akaongeza: "Kama mnaandika, mwandikeni na mama wa jikoni. Habari ya wale ndugu wawili alinisimulia yeye, tukimenya viazi siku ya zamu yangu."

Mama huyo bado yupo jikoni. Tunakula chakula chake mara tatu kwa siku, na mchezo uliotoka kinywani mwake tumeupeleka parokia baada ya parokia pasipo kujua. Tulimfuata jioni ile akiosha masufuria. Alituambia hadithi ile si yake, aliisikia kwa bibi yake kijijini, na bibi naye alisema ni mambo yaliyotokea kweli, ila kwa watu gani hakutaja. Tukamuuliza kama angependa jina lake liandikwe. Tulidhani atakataa kwa unyenyekevu, tukawa tumejiandaa kumbembeleza. Akajifuta mikono, akasema sawa, lakini liandikwe kamili, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha ubatizo, na tusimkosee herufi kama wanavyomkosea kila mara kwenye orodha ya mishahara.

Tumerudi kwenye swali letu la shindano tukiwa na jibu moja, nalo ni kwamba tuliuliza vibaya. Neno "baba" linataka mtu mmoja, na kazi ya namna ile haina mtu mmoja. Kitamura aliwaza na kuanzisha. Inafune alichora na kudumisha. Matsumae na Tateishi walitunga muziki. Waandika programu walifanya vitone vitembee. Watoto walituma maadui kwa posta. Swali lililo sawa ni nani alifanya nini, na mwenye kulijibu inampasa awe na subira ya kusoma orodha hadi mwisho. Sisi utotoni majina yalipoanza kupita tulikuwa tunazima televisheni.

Lakini tusijifiche nyuma ya neno "wote". Hilo ndilo tulilofanya kwenye ile karatasi: kwa kuandika "darasa letu" tulionekana wanyenyekevu, kumbe tulikuwa tumemmeza mtu. Inafune hakusema kwamba kazi ilikuwa ya kila mmoja. Alisema ipi ilikuwa nusu yake, na akaonyesha kwamba kulikuwa na mtu kabla yake. Mkubwa akisema hivyo, hapungukiwi kitu. Mega Man bado ni wake kwa ile nusu, na sasa anaishika bila deni.

Mchezo wa shamba utaonyeshwa tena muhula ujao. Karatasi mpya imekwisha kuchapwa. Juu limeandikwa jina la mama wa jikoni, aliyesimulia. Chini yake jina la mwenzetu, aliyeandika. Kisha majina yetu, tuliorekebisha na kuigiza, na ya waliotunga nyimbo, na ya aliyeshona mavazi. Imekuwa ndefu, ikabidi tugeuze upande wa pili. Mtunzi amealikwa, amesema atakuja kama hatakuwa na wateja. Kwa wale mliotupigia makofi kwenye parokia zenu kwa kazi ya mtu mwingine, tunawaomba radhi, na tunawakaribisha mje mmpigie mwenyewe.

Kuhusu soda, kamati imewarudishia mwaka wa tatu alama zao mbili. Mwaka wa pili wamekubali uamuzi, ila wamesema kreti walikwisha kuinywa siku ileile. Sisi wanne tumechanga tukanunua nyingine.